Dokta, mbona silii tena?

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa udaktari, na nyingine kwa waliowazaa, na nyingine kwa watu wanaolala kwenye vile vitanda wanavyovizunguka asubuhi. Sijui mmeambizana au ni msimu tu wa watu kuingia wodini. Nimeamua kuzijibu kwa pamoja. Majina ya watu, vyuo na hospitali nimeyatoa, na moja nimeifupisha sana maana mwenyewe aliandika kama anatetea tasnifu.

SWALI: Shikamoo dokta. Niko mwaka wa tatu, ndo tumeanza wodi. Mgonjwa wangu wa kwanza kufariki alikuwa baba mmoja wa makamo, nililia chooni mpaka sista akaja kunigongea mlango. Hiyo ni kama miezi saba iliyopita. Wiki jana asubuhi tumempoteza mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mama yake alilia mpaka akakaa chini sakafuni, na mimi nilikuwa pale pale nimeshika faili. Saa saba mchana nikaenda kantini nikala wali maharage na nikamaliza sahani, ndo niliposhtuka. Sio kwamba nilijizuia, sikuhisi kitu kabisa. Dokta, nimeshaharibika au ndo udaktari wenyewe? (Aliyemaliza sahani)

JIBU: Marahaba mwanangu. Wali maharage tuuache, ulikuwa na njaa, na ninavyowajua nyie huenda hukuwa umekula tangu jana yake.

Hicho unachokieleza kuna watu walikiona wakakaa wakakipima kabisa. Pale Philadelphia, Marekani, chuo cha udaktari cha Jefferson walitengeneza dodoso la sentensi 20, mwanafunzi anajipa alama 1 hadi 7 kwa kila sentensi, lengo ni kupima huruma, yaani anaielewaje hali ya mgonjwa akiwa upande wa mgonjwa mwenyewe. Wakawafuatilia wanafunzi walioingia 2002 na 2004, mwaka hadi mwaka, matokeo yakachapishwa 2009. Miaka miwili ya kwanza, ile ya madarasani, alama hazikusogea sana. Mwaka wa tatu zikaporomoka, na mpaka watu wanahitimu hazikurudi. Na kule mwaka wa tatu ni kama wako, ndo mtu anatoka kwenye vitabu anaingia wodini. Yaani pale ambapo ungetegemea huruma iote, maana ndo umeanza kukutana na wagonjwa wa kweli, ndo inakauka.

Usiimeze hiyo nzima nzima lakini. Kipimo chenyewe ni mtu kujipima mwenyewe, ni kama kumuuliza mpishi kama mchuzi wake umekolea, na mwaka uliofuata tu wakaja wataalamu wengine wakasema mporomoko huo umetiwa chumvi nyingi. Sawa. Mi nimekaa na wanafunzi wodini miaka 14, na huyo mtoto wa mwaka wa tatu aliyeingia Oktoba anasalimia kitanda kwa kitanda na ikifika Juni anatafuta faili kabla hajamtafuta mgonjwa, namjua bila dodoso.

Sasa nani anaikausha? Kwanza tulianza kukufundisha kutohisi mapema mno na hukujua. Kumbuka mwaka wa kwanza, chumba cha anatomia, fomalini inachoma macho, maiti imefunikwa plastiki, siku ya kwanza kuna mtu alitoka nje kutapika, na wiki ya tatu mnaulizana nani kaja na maandazi. Ilibidi iwe hivyo, la sivyo usingejifunza mshipa hata mmoja, ila hakuna aliyewaambia kwamba hicho mlichokizima pale mtatakiwa kukiwasha tena mkifika juu. Alafu kuna hofu. Asubuhi umesimama kwenye raundi, profesa anaweza kukuuliza kitu chochote duniani, wenzako kumi nyuma yako wanaomba swali lisiwafikie, usiku umelala masaa matatu, bumu la mkopo halijaingia na sapu ya famakolojia, mtihani wa marudio wa somo la dawa, inakusubiri. Kuna mapitio ya tafiti 18 yalichapishwa 2011, nayo yalikuja kugota hapo hapo, kwamba mwanafunzi akielemewa yeye mwenyewe, huruma inakuwa kama king'amuzi mwezi ukiwa mgumu, ndo kitu cha kwanza kuacha kulipia.

Ila kwetu huku kuna kingine, na mi naona ndo kikubwa kuliko hivyo vyote. Lugha. Mgonjwa anakusimulia kwa Kiswahili, anakwambia mwili unachemka, nikilala kifua kama kuna mtu kanikalia, moyo unaenda mbio kama nimemuona simba. Wewe unaandika kwenye faili kwa Kiingereza, na kila neno likivuka linaacha kitu ng'ambo. Yule mtu aliyekalia kifua havuki, simba havuki, linavuka neno moja refu la kitabuni. Alafu asubuhi unasimama pale pale kitandani unampresenti, yaani unawaeleza wakubwa habari zake, kwa Kiingereza, juu ya kichwa chake, watu kumi na tano wanatikisa vichwa, na yeye anawaangalia midomo.

Mimi mwenyewe nikiwa mwaka wa nne kulikuwa na bibi mmoja kitanda namba 12. Nilimpresenti vizuri mpaka profesa akasema "vizuri", neno ambalo alikuwa analitoa labda mara moja kwa mwezi. Kundi likasogea kitanda cha 13. Nikahisi koti linavutwa. Bibi alikuwa amelikamata pindo la koti langu kwa vidole viwili, vile unavyokamata pindo la kanga ukitaka kufunga hela, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, wamesemaje? Nimesikia jina langu tu." Nikamwambia nakuja bibi, nakuja kukueleza. Nikakimbilia 13 maana swali lilikuwa linakuja upande wangu. Mchana nikawa kliniki, jioni nikawa nasoma. Kesho yake nafika, 12 kalala mama mwingine, sista akasema wanae wamekuja kumchukua wamempeleka nyumbani. Sikulia, sikujuta, nilikata jina lake kwenye daftari nikaandika la mama mpya. Nilikuja kumkumbuka miaka mingi baadae, natia sahihi faili la mtu mwingine kabisa, kalamu ikasimama tu.

Kwa hiyo dawa ninayokupa ni moja na wala haikutaki uhisi chochote kwanza. Raundi ikipita, rudi. Chagua mgonjwa mmoja tu kati ya uliowapresenti, rudi kwake umwambie kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma au Kihehe kama unakijua, wakubwa walisema nini pale. Kama ni habari nzito hiyo sio yako kuitoa, muite daktari wake mje wote, ila wewe uwe umesimama hapo. Kusimama nimekosea. Kaa. Wodi zetu stuli ni za kugombania, basi chuchumaa. Kuna watafiti wa Kansas 2012 walimfuatilia daktari akipita kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji, wengine anawaona amekaa, wengine amesimama. Alipokaa alitumia kama dakika moja hivi, wagonjwa wakakisia zaidi ya tano. Aliposimama alitumia muda mrefu kidogo kuliko huo, wakakisia chini ya nne. Stuli inakupa dakika ambazo huna.

Na huyo mtoto usibaki naye peke yako. London miaka ya 1950 alikuwepo Michael Balint, alikuwa anawakusanya madaktari wa kawaida wa mitaani, mmoja anasimulia mgonjwa mmoja ambaye amemkaa kichwani hatoki, wengine wanasikiliza na kuuliza, hakuna kupangiana dozi. Nyie hata mwalimu hamhitaji kuanza, watu wanne, kibarazani hosteli, nusu saa, simu mfukoni. Anza wewe na mtoto na mama yake aliyekaa sakafuni, na useme na wali maharage pia. Kilio kikija huko usishangae, kuna watu wanalia wiki ya pili wakiwa wanafua. Kisipokuja pia sio kesi, machozi sio mtihani. Ila kama hata ukirudi kwenu huhisi kitu, usingizi hakuna, marafiki unawakwepa, hapo nenda kamuone mshauri wa chuo au daktari wa afya ya akili mapema. Tamko la Geneva, kile kiapo cha madaktari cha 1948, mwaka 2017 kiliongezewa mstari unaomtaka daktari aangalie na afya yake mwenyewe. Umeruhusiwa kwa maandishi.

SWALI: Habari yako daktari. Mi sio msomi wa mambo yenu, ni mama tu wa hapa Tanga. Mwanangu anasoma udaktari mwaka wa nne, alikuja likizo. Bibi yake, yaani mama yangu mimi, akaanza kumsimulia goti lake linavyomtesa, na unawajua wazee, ili afike kwenye goti lazima apitie kwanza kwenye msiba wa Korogwe na basi alilopanda. Mtoto akamkata. Bibi, limeanza lini, linauma ukiamka au ukitembea, linavimba, jibu ndio au hapana. Bibi alinyamaza mpaka magharibi. Na huyu mtoto alikuwa mpole, ndo aliyekuwa anamchambulia bibi miiba ya samaki. Wamemfanya nini huko? (Mama, Tanga)

JIBU: Mama nimecheka, unisamehe, maana na mimi nilishamfanyia hivyo baba mkwe.

Wamemfundisha kuchukua historia, na kusema kweli maswali yake ni sahihi, goti la mzee linaulizwa hivyo hivyo. Kilichoharibika ni mwendo. Na mwendo hakuusoma kwenye kitabu, kauona. Chuoni wana somo la mawasiliano, saa chache, wanafundishwa msikilize mgonjwa, muangalie usoni, msubiri amalize. Alafu wanatoka darasani wanaenda koridoni na kliniki wanamuona mkubwa wao ana foleni ya watu sitini anauliza ndio au hapana, na mtoto anajifunza kwa huyo. Wataalamu wa elimu wanauita huo mtaala uliofichika, haupo kwenye ratiba lakini ndo unaofundishwa kutwa nzima. Na wala sio sisi tu, kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 1984, walirekodi maongezi 74 ya madaktari na wagonjwa, kwa wastani mgonjwa alikatwa baada ya sekunde 18, na waliomaliza walichokuja kusema hawakufika hata robo. Mwanao kwa bibi huenda alifika sekunde ishirini na tano, tumpe hongera kidogo.

Usimgombeze kwamba amekuwa na kiburi, atajitetea. Mwambie kwa lugha ya kazi yake, kwamba amekosa dalili. Maana kwenye lile basi la Korogwe ndo goti lilipokuwa. Bibi angeachiwa angesema kwamba ngazi ya basi alipandishwa kwa kushikwa mkono, kwamba siti za nyuma hawezi kukunja mguu, kwamba aliposhuka ilibidi asimame kwanza goti likubali ndo atembee, na msibani hakukaa mkekani na wenzake alipewa kiti akaona aibu. Hapo ana jibu la linauma lini, linakaza kiasi gani, limemzuia kufanya nini, na ana kitu cha ziada ambacho maswali yake yote hayakukigusa, kwamba mzee anaona aibu. Kijana yeyote mwaka wa nne akisikia amepitwa na dalili atarudi mbio.

Na siku hiyo kama mna samaki tasi, sahani ya bibi mpe yeye aichambue.

SWALI: Shikamoo dokta, swali fupi. Huruma inafundishika kweli? Kwenye oski, ule mtihani wa vituo, kuna kituo cha kutoa habari mbaya, mgonjwa ni wa kuigiza na muda ni dakika nane. Watu wamekariri, unavuta kiti, unasema pole sana mama naelewa unavyojisikia, unampa tishu, maksi zinaingia. Kuna mshikaji wangu kapata zote, na huyo huyo wodini anawaita wagonjwa "bedi saba", "bedi tisa". Si maigizo tu haya jamani? (Mwaka wa tano, anayekaribia kumaliza)

JIBU: Marahaba. Ni maigizo ndio, na yalianza kwa kuchekwa. Howard Barrows alikuwa daktari wa neva Los Angeles, 1963 akamfundisha dada mmoja aliyekuwa modeli wa wachoraji aigize mgonjwa, apooze miguu, aeleze maradhi yake, ili wanafunzi wapimwe. Wenzake waliona ni sinema. Miaka kumi na mbili baadae, 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, wakachapisha huo mtihani wa vituo unaokulaza macho. Leo huwezi kukwepa.

Unaniuliza inafundishika. Na mi nakuuliza shikamoo uliyoniandikia hapo juu ulizaliwa nayo? Ulifinywa bega. Mama yako alikusukuma mbele ya mgeni, ukasema shikamoo huku unaangalia chini, hujui maana yake, unataka tu uachiwe ukacheze. Ulisema hivyo miaka na miaka kama kasuku, na siku moja ukamuona mzee amebeba mzigo ikakutoka yenyewe ukampokea na mzigo. Kwa hiyo mi mshikaji wako simlaumu kwa kuigiza kwenye oski, namlaumu kwa kuacha kuigiza akitoka mlangoni. Angeendelea, angeshika.

Ila hiyo sentensi ya "naelewa unavyojisikia" naomba muifute, na kama kuna mtahini anaipa maksi naye afute. Una miaka ishirini na nne, hujawahi hata kulazwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa bahati mbaya kitanda kipo kweli. Sema pole, tuna bahati tuna neno fupi namna hiyo ambalo halidai kujua chochote, alafu nyamaza. Kunyamaza ndo mtihani wenyewe, utaona sekunde tano ni kama foleni ya Ubungo, mdomo unawasha unataka kuongea habari za dozi. Usiongee. Ataongea yeye, na mara nyingi la kwanza halihusu ugonjwa kabisa, atauliza nani atamchukua mtoto shule, au mahindi bado yako shambani na mvua inakuja. Ongeleeni mahindi kwanza. Na zile hatua sita mlizokariri za kutoa habari mbaya, zilizochapishwa 2000, hatua ya pili inasema umuulize mgonjwa yeye mwenyewe anajua nini mpaka sasa. Kila mwaka nawaona watu wanairuka kuwahi ya nne, ile ya kutoa habari yenyewe. Kuna siku nilimuuliza mzee mmoja hivyo, akanijibu, "Najua mwanangu, tangu mlipoanza kuniongelea kwa sauti ndogo." Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya dakika nane.

Kuhusu bedi saba, mwambie tu amuulize bedi saba anaitwa mama nani.

SWALI: Dokta, mimi nililazwa mwaka huu na tumbo. Asubuhi wakaja wanafunzi kama kumi na mbili, mmoja baada ya mwingine wananibonyeza pale pale panapouma, hakuna aliyejitambulisha, mikono ya baridi, alafu wakaongea Kiingereza wakaondoka. Nina haki ya kukataa? (Mama wa Dodoma)

JIBU: Pole sana mama. Ndiyo unayo. Chama cha madaktari cha dunia kiliandika kwenye Tamko la Lisbon, lile la 1981 walipolirekebisha 1995, kwamba mgonjwa ana haki ya kukataa kushiriki kwenye mafunzo ya udaktari. Sio lazima utoe sababu, na kukataa huko hakutakiwi kukupunguzia dawa wala uangalizi.

Ila nakuomba kama una nguvu ukubali, maana tumbo halifundishiki kwa picha, na hao ndo watakaompokea mjukuu wako usiku miaka michache ijayo. Kubali kwa masharti. Wawili watatu, sio kumi na mbili. Kila mmoja aseme jina lake na aombe kabla hajagusa, apashe mikono, na akibonyeza akuangalie usoni sio ukutani, usoni ndo panaposema panapouma. Na yule wa mwisho mwambie asiondoke kabla hajakueleza kwa Kiswahili wameona nini humo tumboni.

Akisema "nakuja mama", mkamate koti.